Inapiga ila haipokei: Expires haina kosa

Tawi liko Kondoa, seva ya Asterisk (programu inayoendesha simu za mtandao) iko Dodoma mjini. Simu za tawini zinapiga vizuri, ila ukizipigia hazilii, mpaka mtu wa kule aanze kupiga yeye. Mafundi wengi hapo hushusha muda wa usajili (Expires), yaani muda ambao seva inakumbuka simu iko wapi, hadi sekunde 60. Tatizo linapungua kidogo, kisha seva inaanza kuhema.

Muda wa usajili ni kama risiti ya ushuru wa meza sokoni: hadi muda uishe, meza inahesabika yako hata kama hupo. Simu hutuma REGISTER (ombi la kujisajili) ikiomba, tuseme, sekunde 3600. Seva ina ruhusa ya kupunguza. Ikijibu 200 OK yenye 600, simu ifuate 600, si namba uliyoandika kwenye menyu yake. Ukiomba muda mfupi mno, RFC 3261 (waraka wa kanuni za SIP, lugha ya simu hizi) inaruhusu seva ikatae kwa jibu la 423 na kutaja kiwango chake kwenye Min-Expires. Asterisk inayotumia PJSIP (sehemu yake ya SIP) haikatai. Inapandisha kimyakimya hadi minimum_expiration, ambayo usipoigusa ni 60. Kwa hiyo kuandika 30 kwenye simu ni kujisumbua.

Kinachoziba njia ni saa nyingine kabisa, ile ya NAT (ruta au modemu kuficha simu za ndani nyuma ya anwani moja ya nje). Ruta nyingi hufunga tundu la UDP, njia ambayo ujumbe wa seva hupitia kuifikia simu, baada ya sekunde 30 tu za ukimya. Seva bado ina risiti halali mkononi, inatuma INVITE (ombi la kupiga simu), nayo inagonga ukuta.

Dawa ni kulifanya tundu lisilale: weka qualify_frequency=25 kwenye aor (sehemu ya mipangilio ya PJSIP inayohifadhi usajili wa simu) ili seva itume OPTIONS (ujumbe wa kuuliza kama simu ipo) kila sekunde 25, na uache usajili kwenye 600 au 3600. Piga hesabu: simu 200 za sekunde 60, zikihuisha nusu ya muda, ni REGISTER kama 7 kwa sekunde, na mara nyingi kila moja huenda mara mbili kwa sababu ya 401, jibu la seva la kudai nywila kwanza. Umeme ukikatika na kurudi, zote huamka kwa pamoja.

Muda mrefu nao una kero yake: modemu ikibadilisha anwani, usajili wa zamani hubaki kama mzimu. Kwa simu moja kwa akaunti, max_contacts=1 na remove_existing=yes vinaufuta.

Kisha andika pjsip show contacts kwenye konsoli ya Asterisk. Ukiona NonQual, seva haipimi chochote. Ukiona Avail na milisekunde pembeni, pigia Kondoa.