Kanvasi iliyolegea: kikwazo kilikuwa pini za stepla
Kanvasi ya mchoro, ya sentimita 60 kwa 80, ilikuwa na mawimbi kwenye pembe mbili. Kuinyunyizia maji kwa nyuma kuliikaza hadi ilipokauka, ikalegea tena. Kabari nane (vipande vya mbao vya kutanua pembe za fremu ili kitambaa kikaze), mbili kila pembe, ziligoma kuingia. Mbili zikapasuka kwa nyundo.

Kumbe pini za stepla zilipigwa juu ya maungio ya fremu, zikazuia pembe kufunguka. Nilizing'oa hizo tu kwa bisibisi bapa, zile za kushika kitambaa nikaziacha. Nikachomeka kadibodi kati ya kitambaa na mbao, nikagonga kila kabari taratibu, nikizunguka pembe zote. Ungio likiachana milimita moja au mbili, inatosha. Rangi ya mafuta iliyokauka hupasuka ikivutwa zaidi. Vipimo vya kona kwa kona vililingana, yaani fremu haikupinda: sentimita 100 na kidogo.