Ninavyokagua dizeli na malipo katika kampuni ya malori

Mkaguzi wa ndani akishaanza kuidhinisha malipo, hawezi tena kuyakagua. Kwa hiyo kwenye kampuni ninayoikagua hapa Kampala sisaini vocha wala sishiki funguo za stoo. Ruhusa na mambo ya kila siku napitishia kwa mkurugenzi mtendaji, lakini ripoti zangu zinakwenda kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na ni bodi tu inayoweza kuniondoa. Pasipo hivyo mkuu wa fedha angeomba rasimu aione kwanza, na hoja zingefika kwa bodi zimeshachujwa.

Naanza na dizeli, maana huko ndiko pesa zinakovujia. Tangi napima kwa kijiti alfajiri, kabla pampu haijafunguliwa, mtunza stoo akiwepo, na sote tunasaini karatasi ileile. Ncha ya kijiti naipaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, la sivyo maji yaliyotuama chini yatahesabiwa kuwa mafuta. Mzigo mpya ukishuka, ngoja utulie kwanza. Joto nalo lina hesabu yake: lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua lita 80 hivi, basi si kila upungufu ni wizi. Wizi una sura yake: kiasi kilekile kinapotea kila zamu ya mtu fulani, au lori linaandikiwa lita nyingi kuliko tangi lake linavyobeba.

Kwenye malipo nalinganisha oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Angalia tarehe. Oda iliyoandikwa baada ya ankara maana yake mtu alinunua kwanza, karatasi zikatafutwa baadaye. Meneja akiwa na kikomo cha kuidhinisha cha shilingi milioni 5, napanga malipo yote ya milioni 4.5 hadi 5 kwa jina la mzabuni. Ununuzi uliokatwa vipande ili usivuke kikomo hujitokeza hapo. Halafu naweka namba za simu za wazabuni kando ya za wafanyakazi. Zinazofanana huwa chache, ila hazikosi maelezo ya kuchekesha.

Risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), nazihakiki kwenye tovuti ya URA, kwani mzabuni anayetakiwa kuutumia mfumo huo asipotoa risiti hiyo, gharama hiyo haikubaliki kwenye kodi ya mapato.

Kila hoja kwenye ripoti ina mhusika na tarehe ya kurekebisha. Meneja akisema anaikubali hatari ilivyo, ni haki yake, ila aandike, asaini, na kamati ipate nakala.