Jinsi nilivyotuliza maumivu ya taya

Kila asubuhi panja ziliniuma, mashavu yamekaza, na taya likialika nilipopiga miayo. Meno hayakuwa na tundu hata moja. Daktari wa meno alibonyeza misuli ya kutafunia, akatazama ncha za meno zilivyolika, akasema nasaga meno usingizini.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio, na ndani yake mna kisahani laini kinachotenganisha mifupa. Kikihama mahali pake, taya hualika. Wengi hawajui kwamba meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana muda wote. Taya likitulia, huachana kwa milimita chache. Ukiyabana, misuli haipumziki, na kichwa hulipa.

Nilitengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Hiyo hulinda meno, lakini nafuu kubwa ilitokana na zoezi la mchana: midomo imefungwa, ulimi umegusa kaakaa nyuma ya meno ya mbele, meno yameachana. Nikaongeza kitambaa chenye joto mashavuni, nikaacha kutafuna ubani. Maumivu yalipungua taratibu. Kupunguzwa meno ili yakutane vizuri nilikataa kabisa, maana jino likishakwanguliwa halirudi.