Kijaluba cha tumbaku cha Willem: mwaka umesomeka

Swali la mradi huu lilikuwa moja tu: Willem aliyechorwa kwenye kifuniko, mtawala wa Uholanzi wa ukoo wa Oranje, ni yupi? Wa Tatu, aliyepata ufalme wa Uingereza mwaka 1689, au wa Nne? Muuzaji alishikilia ni wa Tatu, na bei akaipandishia hapo hapo.

Kijaluba chenyewe ni kirefu, chembamba, ncha zake za mviringo, ubavu wa shaba nyekundu na kifuniko cha shaba ya njano. Sura ya mtu imefutika karibu yote. Zimesalia pua na nywele, na mawigi yalivaliwa enzi zote mbili, kwa hiyo hazinisaidii. "Vivat Oranje", yaani "Aishi Oranje", inasomeka bila taabu, lakini kelele hizo walipigiwa wengi wa ukoo ule.

Juzi usiku nilizima taa ya chumba, nikalaza tochi mezani ili mwanga upite juu ya kifuniko kwa ubavu. Mikwaruzo ya mfukoni ikafifia, mistari ya nakshi ikatoa vivuli. Chini ya bega la kushoto: 1, 7, 4, kisha tarakimu yenye mguu mmoja wa mshazari. 1747!

Basi ni wa Nne. Wa Tatu alifariki 1702 bila mtoto, na majimbo ya Holland, Zeeland, Utrecht na Overijssel yakakaa miaka 45 bila stadhouder, yaani mkuu wa jimbo. Aprili 1747 Wafaransa wakavuka mpaka, watu wakataharuki. Mji wa Veere, Zeeland, ukatangulia kumtangaza Willem wa Nne, mingine ikafuata, na mwaka huo huo cheo kikafanywa cha kurithiwa. Hakukikalia sana, alifariki 1751. Mwaka uliochorwa ni wa tukio, si lazima uwe wa kutengenezwa, ila sidhani kama mtu angeagiza kitu hiki baada ya shangwe kupoa. Aliyekibeba alikuwa anaonyesha yuko upande gani kila alipojaza kiko.

Dawa ya kung'arisha shaba sitii. Uso ule haukumalizwa na vidole peke yake: ndani ya mifereji ya herufi kuna masalia meupe ya dawa hiyo, yameganda kama chokaa. Nayatoa taratibu kwa kijiti cha mbao na spiriti kidogo. Bawaba imelegea, nayo naiacha ilivyo.

Kinachofuata ni upande wa chini, wenye mchungwa na mistari ya shairi. Wino na karatasi nyembamba vimeshindwa kuonyesha herufi, kwa hiyo narudi kwenye tochi.