Hajamaliza, hajamaliza, hajamaliza

Daftari la Kiswahili la mwanafunzi wangu mmoja wa Darasa la Tatu ninalo mpaka leo. Nilimwomba mama yake mwaka ulipoisha. Kuanzia ukurasa wa kwanza, wino wangu mwekundu unarudia neno lile lile: hajamaliza, hajamaliza, hajamaliza. Ukurasa mmoja nimeandika "mvivu". Mwandiko ni wangu, siwezi kumsingizia mwalimu mwingine.

Ilikuwa 2018, shule ya serikali kijijini, Kanda ya Ziwa. Darasa langu lilikuwa la wale walioingia Darasa la Kwanza mwaka 2016, Elimu Bila Malipo ilipoanza, kila mzazi akamleta mtoto. Chumba kimoja, wanafunzi 94. Mtoto ninayemzungumzia ana ualbino. Hilo nililiona, nani asingeliona, na nilidhani nimeshalimaliza: siku ya kwanza tu nilimkalisha dawati la mbele, karibu na dirisha, apate mwanga. Nikajipongeza moyoni. Elimu maalumu sikuisomea. Nilichokuwa nacho ni semina ya siku mbili ambayo nusu yake ilikwisha tukijaza fomu za posho.

Kilichonifumbua macho ni kipindi cha Hisabati. Niliandika maswali kumi ubaoni, nikaenda ofisini kufuata chaki. Kurudi, namkuta yuko ubaoni, pua imekaribia kugusa. Anasoma swali, anakimbia dawatini, anaandika, anarudi tena. Aliponiona akaruka kukaa, maana darasani kwangu kutembeatembea kulikuwa na fimbo. Nikachukua daftari. Maswali matatu, yote sahihi.

Nikamwambia, "Haya, endelea." Akanitazama kichwa kikiwa upande, macho yakichezacheza, kama mtu anayesubiri mtego ufyatuke. Alimaliza yote kumi. Alikosa la saba tu, na alilikosa kwa sababu tatu yangu ilifanana na nane.

Jumamosi hiyo nilimfuata mwalimu mmoja wa kata jirani aliyesomea Chuo cha Patandi, kule Arusha, wanakofundishwa walimu wa elimu maalumu. Nikamweleza kwa fahari kuhusu dawati la dirishani. Akacheka mpaka akakohoa. "Umemwanika mtoto juani, halafu unamwambia asome!" Akanifafanulia nisichokijua: kwa watu wenye ualbino, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu kwa undani haikui kikamilifu, ndiyo maana miwani inaweza kusaidia lakini haimalizi tatizo. Mwanga mkali unawaumiza. Macho kuchezacheza si utundu, na kuinamisha kichwa upande ni namna ya kuyatuliza. Wenyewe wanaita uoni hafifu. Nikamuuliza, sasa nimweke wapi? Akanijibu, "Kwani yeye umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Jumatatu nikamwambia achague mwenyewe. Alizunguka darasa zima, akakaa hapa, akakaa pale, wenzake wakicheka, akaishia safu ya pili upande wa ukutani, ambako ubao hauwaki. Kumbe kutoka dirishani alikuwa anaona mng'ao mtupu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kidogokidogo, na mengi yalikuwa ya senti chache. Ubao ulikuwa umepauka mpaka unakaribia rangi ya chaki, nikanunua kopo la rangi nikaupaka. Nikajizoeza kutamka kila ninachoandika wakati ninaandika, jambo linalochosha kuliko unavyodhani, na ndani ya wiki mbili watoto wengine wawili wa nyuma nao wakaanza kumaliza kazi; sikuwa nimejua kama nao hawaoni vizuri. Penseli kwake ilikuwa kivuli tu cha kijivu, nikamruhusu kalamu nyeusi. Mistari ya daftari nikaikoleza kwa rula, nikiruka mmoja mmoja. Fundi anayetutengenezea madawati akanipigia kibao cha mteremko kwa mabaki ya mbao, cha kuegemezea kitabu, ili mtoto asilale juu ya meza kutwa nzima shingo ikimuuma. Na ile sheria yangu ya kutotembea nikaifuta kwake: anakwenda ubaoni anapotaka.

"Unamdekeza," wenzangu wakasema. Nikawapa lile daftari lenye wino mwekundu walinganishe na jipya.

Si kila kitu kilifaa. Nilimpangia jirani wa kumsomea ubaoni, msichana mwepesi sana. Mwezi haukuisha, mwandiko kwenye madaftari yote mawili ukawa mmoja. Yeye anachora magari, msichana anamwandikia. Nikawatenganisha, wakanuna wote wawili.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kofia. Mwalimu mkuu hakutaka kofia mstarini, sare ni sare. Na mstari wetu asubuhi unaweza kufika nusu saa, matangazo yakinoga. Nilijieleza mara mbili nikashindwa. Mara ya tatu nikamwita mama yake. Alikuja na kitenge kimoja kiunoni, kingine begani, akasalimia, hakuketi. Akamvuta mwanawe mbele ya meza, akapandisha mkono wa shati. Ngozi ilikuwa imebabuka kuanzia pindo la sare kushuka chini, na mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Shikamoo Mwalimu," akasema tena, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Hii ndiyo nidhamu?"

Mwalimu mkuu alinyamaza kwa muda. Kofia ikaruhusiwa, na shati la mikono mirefu. Mafuta ya Kilisun ya kukinga ngozi na jua, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, alikuwa akiyapata hospitali yanapopatikana, na yakiisha ni kivuli na kofia tu. Kipindi cha michezo nikakisogeza asubuhi.

Mama huyu alikuwa akimsindikiza mtoto kila siku, kwenda na kurudi, jembe begani. Aliyekuwepo kanda hii miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino hahitaji kuelezwa sababu. Wapo waliomshauri ampeleke bweni Buhangija, Shinyanga, ambako watoto wengi walipelekwa kwa usalama wao. Hata mimi niliwahi kumgusia, nakiri, na nusu ya sababu ilikuwa kupunguza mzigo wangu. Akanijibu, "Madam, nikimpeleka nitakuwa namwona likizo kwa likizo. Nimemzaa alale kwangu." Sikurudia.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Upimaji wa Darasa la Nne. Hapa nawasihi walimu wenzangu: andikeni uoni hafifu wakati wa usajili, msisubiri mtihani ukaribie. NECTA, Baraza la Mitihani, wana karatasi za maandishi makubwa, na wanaongeza muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwenye masomo mengine. Lakini majaribio ya shuleni hayana kitu hicho. Hayo niliyaandika mwenyewe kwa maka peni, usiku, karatasi kubwa kubwa nimezitandaza sakafuni, mume wangu akizirukaruka kwenda kulala.

Alifaulu, daraja la kawaida tu, si lile la kupigiwa makofi mstarini. Muda wa ziada hakuumaliza.

Mimi nilihamishwa mwaka huo huo. Siku ya kuaga nilimwandikia namba yangu ya simu kwenye karatasi, kubwa, kwa wino mweusi, ampe mama yake. Akaisogeza puani, kichwa upande.

"Madam, hii ni tatu au nane?"