Siku ya tatu nikapewa donge

Septemba 2014 nilikuwa mwaka wa pili wa masomo yangu Brno, katika Jamhuri ya Cheki, na tangu nifike huko, kila nyumba ya Wacheki niliyokaribishwa nilikalishwa. Kaa hapa, kunywa chai, ongeza chakula, acha hivyo vyombo. Ulikuwa ukarimu wa kweli na sina lawama. Lakini mtu aliyelelewa Lushoto, kwenye nyumba ya wasichana wanne, hajui kukaa kitako wenzake wakihangaika jikoni. Mikono inawasha.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa na kaka aliyekaribia kuoa, akanialika kijijini kwao, karibu na Uherské Hradiště, kusini mashariki mwa Moravia. "Tunaoka koláče," aliniambia, nami nikadhani ni vitafunwa vichache vya kunywea kahawa. Kumbe ni shughuli nzima. Upande ule harusi inaanzia jikoni. Koláče ni vimikate vitamu vya hamira vyenye vitu vya kujazia, na za harusi ni ndogo, moja unaimaliza kwa kuuma mara mbili, na zinaokwa kwa mamia, kisha zinapangwa kwenye sahani na kupelekwa kwa majirani na ndugu kabla ya siku yenyewe. Ukigongewa mlango ukaiona sahani, umejua kuna harusi na kwamba hukusahauliwa.

Nilifika Alhamisi. Bibi wa nyumba ile walimwita Babi, kifupi cha neno lao la bibi. Kwangu mimi jina lilikaa katikati ya babu na bibi, na nikamwita hivyo tangu jioni ya kwanza. Alhamisi na Ijumaa nilikalishwa kama kawaida, nikatazama wakitengeneza vya kujazia. Kulikuwa na mbegu za mpopi zilizosagwa na kupikwa kwa maziwa, zikawa nyeusi tii. Kulikuwa na tvaroh, maziwa yaliyoganda na kukamuliwa maji mpaka yakawa kama jibini laini, wakayachanganya na kiini cha yai, sukari na zabibu kavu. Na kulikuwa na povidla.

Povidla ndiyo iliyonishika. Ni plamsi zilizopikwa mpaka zikageuka kitu kingine. Si zile nyekundu za mviringo zinazouzwa kando ya barabara pale Soni. Hizi ni ndefu kidogo, ngozi yake buluu iliyokoza yenye vumbi jeupe ambalo ukipitisha kidole linafutika. Wanaziacha mtini mpaka zinaanza kunywea karibu na kikonyo, maana hapo ndipo utamu umejaa, halafu wanazitoa kokwa na kuzipika kutwa nzima, wakikoroga bila kupumzika, bila sukari hata kijiko. Maji yote yanaondoka. Babi alichota kidogo akaweka kwenye kisahani, akakipindua juu chini. Haikudondoka. Ndiyo maana haichuruziki ndani ya oveni kama jamu ya dukani, inakaa pale ulipoiweka.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumamosi asubuhi Babi alinirushia aproni.

Tulikuwa wanawake sita kuzunguka meza moja. Donge lilikandwa kabla jua halijatoka: unga, siagi, viini vya mayai, ganda la limao lililokwaruzwa, maziwa ya uvuguvugu na hamira mbichi, ile inayouzwa kama kipande cha sabuni na kumeguka vidoleni. Unga wenyewe si mmoja. Wacheki wanaupanga kwa ukubwa wa chembe, laini, wa kati na wa chenga, na kwa koláče walichanganya wa laini na wa kati. Lilikuwa laini kuliko donge lolote la maandazi nililowahi kushika. Ukilibonyeza linarudi taratibu, kama shavu la mtoto aliyelala.

Kazi ni hii: unakata kipande, unakitandaza kiganjani, unaweka tvaroh katikati, unavuta kingo juu na kuzifinya zishikane, kisha unakigeuza, mshono chini. Juu unabonyeza shimo, unatia povidla, unanyunyizia chengachenga za unga, siagi na sukari. Shangazi mmoja alikuwa akimaliza vinne mimi nikihangaika na kimoja. Nilipopumua kwa nguvu akaniambia methali yao: bila kazi hakuna koláče.

Trei yangu ya kwanza ilitoka imefumuka. Zaidi ya nusu mshono ulikuwa umeachia, tvaroh imevuja ikaungua kwenye karatasi. Jikoni kukawa kimya. Mama wa nyumba akaanza kusema kwamba hakuna neno, watoto watazila, nipumzike kidogo ninywe kahawa, na nilijua kahawa hiyo ingenirudisha kwenye kiti.

Babi akamkatiza. Akachukua moja iliyofumuka, akaipasua, akanionyesha ukingo, kisha akanishika viganja na kuvigeuza. Vilikuwa vyeupe kwa unga. Nilikuwa najipaka unga kila mara donge linaponata, kama nifanyavyo kwenye chapati, na unga mkavu ukikaa kwenye ukingo, donge halishikani hata ufinye vipi. Akanifuta mikono kwa kitambaa chenye unyevu, mmoja baada ya mwingine, akanipaka siagi kidogo sana kwenye vidole vya kuvutia tu, si vya kufinyia.

"Ještě jednou," akasema. Rudia tena.

Sauti ilikuwa kali, ile ile mama aliyonisemea nilipounguza maziwa nikiwa na miaka tisa. Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya uchungu. Mwaka mzima nchi ile hakuna aliyekuwa amenigombeza.

Nilirudia. Donge safari hii liling'ang'ania kidole gumba changu kila nilipofinya, nami nikaliacha ling'ang'anie. Trei ikaingia kwenye nyuzi 180. Ilipotoka zote zilikuwa zimefumba, kahawia pembeni, povidla inang'aa katikati. Mama wa nyumba akazipaka siagi iliyoyeyushwa yenye ramu zikiwa bado za moto, na harufu ile ikapanda mpaka darini.

Babi akaokota moja ya kwangu. Akaigeuza, akatazama mshono, akauma. Akatafuna polepole akiangalia dirishani, wala hakusema zuri wala baya. Akakung'uta chenga mikononi, kisha akavuta bakuli lenye donge lililoumuka upya, kubwa kuliko la asubuhi, akanisogezea.