Nilivyopata kinga ya homa ya ini B nikiwa nasafishwa damu

Sisi wa kwenye mashine tunaogopa maji kujaa, potasiamu kupanda, na bili. Homa ya ini B hatuikumbuki mpaka mwenzetu ahamishiwe chumba chake peke yake, na mashine yake. Kirusi chake hukaa kwenye damu iliyokauka, hata juu ya mkono wa kiti, siku 7 au zaidi. Wa homa ya ini C hatengwi mashine. Kwake usafi makini unatosha, na siku hizi kuna vidonge vya kumponya.

Nilipopimwa mwanzoni sikuwa na maambukizi wala kinga. Nikachanjwa kwenye zahanati ya mtaani, nikamaliza dozi zote, nikaenda kupima kinga: chini ya 10, yaani sawa na mtu asiyechanjwa. Daktari wa figo akaniomba kadi. Ilikuwa imeandikwa mikrogramu 20. "Hii ni ya mtu mwenye figo nzima," akasema. Figo zikifa kinga nayo hulegea, hivyo sisi tunapewa 40: mwanzo, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita.

Tukaanza upya. Sista alivuta vichupa viwili, akanichoma begani, upande usio na fistula, yaani ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa ajili ya mashine. "Baba, legeza bega, siyo ngumi hiyo."

Miezi ile ya kusubiri ndiyo iliyonitesa, maana chanjo bado na kiti ni kilekile. Sindano ya kuuchochea mwili utengeneze damu sikuikosa hata ilipobidi kukopa, ili nisifike mahali pa kuongezewa chupa ya damu. Tena damu ya watu inaweza kukuharibia hesabu za kupandikizwa figo baadaye. Na glavu. Sista akitoka kwa jirani kuja kwangu, macho yangu yako mikononi mwake. "Sista, naomba ubadilishe." Mmoja alinuna, akabadilisha. Anune tu.

Mwezi mmoja na kitu baada ya dozi ya mwisho, kinga ikasoma juu ya 10. Hushuka, kwa hiyo napima kila mwaka. Ikirudi chini nachomwa dozi ya nyongeza. Majibu yote, B, C na VVU, nimeyapiga picha kwenye simu. Nilipokwenda msibani Dodoma, kituo cha huko kiliyataka kabla hata ya kuniuliza uzito.